Mstari Ulionyooka Mno

Grant Ostrander aliishusha grafu kutoka ukutani kwa mikono miwili, na fremu yake na kioo chake, akailaza mezani mbele ya Verna Stoltz kama mzazi anayeonyesha picha ya harusi ya mwanawe.

"Hii ni ya Novemba," alisema. "Utazame huo mstari, mama. Umenyooka kama rula."

Verna hakuutazama. Alikuwa akitazama kizibao cha Grant cha manyoya bandia, chenye nembo ya kampuni ya Camas Butte kifuani na chembe za donati juu ya nembo. Wakurugenzi wote wa upande huu wa Portland walivaa kizibao cha namna hiyo msimu wa mvua, na wote walidhani kinawafanya waonekane mafundi.

"Na hii ni ya Jumanne." Grant alimsukumia karatasi ya pili, isiyo na fremu. Mstari wake ulipanda kidogo, ukapinda, ukalala. "Mbele ya wateja kutoka Omaha. Watu wa bima, na mawakili wao wamekaa pale nyuma wanatafuna peremende. Mashine ileile, prosesa zilezile kumi na sita. Novemba zilifanya kazi ya prosesa karibu kumi na tano. Jumanne zimefanya kazi ya tano. Tano, mama. Sikujua niufiche wapi uso."

"Na mhalifu unaye tayari."

"Ninaye. Neeraja Vaidya. Yeye ndiye aliyeandika kufuli la mfumo endeshi wetu. Ijumaa kabadilisha msimbo. Jumamosi kaingia maabara peke yake, kadi yake ya mlango inaonyesha. Jumanne mashine imekufa. Hapo kuna fumbo gani?"

"Umeniitia nini basi?"

"Mawakili wanataka sahihi ya mtu wa nje. Saa kumi na moja jioni ya leo namfukuza kwa hujuma. Wewe andika tu kwamba mfumo ulikuwa mzima, ukaharibiwa."

Verna alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kampuni ikidai kompyuta yake ina nguvu fulani, yeye hutumwa kuthibitisha au kukanusha, na wanunuzi huamini sahihi yake kuliko tangazo la muuzaji. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amekutana na waongo wa kila kimo, na wengi wao walikuwa na grafu ukutani.

"Huyu Neeraja, akifukuzwa anakwenda wapi?"

"Yuko kwa viza ya kazi. Akitoka hapa ametoka nchini, na kwa neno hujuma hakuna kampuni itakayomgusa. Ana mtoto shuleni, sijui darasa la ngapi." Grant aliinua mabega. "Angefikiria hayo Jumamosi."

"Nipeleke maabara," alisema Verna. "Na hiyo picha yako irudishe ukutani isije ikavunjika."

Maabara ilikuwa ghorofa ya chini, haina dirisha, na baridi ya viyoyozi ilimpiga mtu usoni tangu mlangoni. Mashine yenyewe ilikuwa makabati manne ya buluu yaliyosimama bega kwa bega, kila kabati na prosesa zake nne na memori yake, yameunganishwa nyuma kwa nyaya nene kama kifundo cha mkono. Msimamizi wake alikuwa Curtis Bjelland, mwanamume mnene mwenye kofia ya wavuvi iliyotobolewa na ndoano za rangi, ambaye mawazo yake yalikuwa tayari mtoni yakingoja samaki wa Jumamosi.

"Karibu, mkaguzi. Kahawa iko pale, ila imelala. Usiseme sikukuonya."

"Ijumaa Neeraja alibadilisha nini kwenye msimbo?"

"Ah, hata si kitu. Alifuta zile jumbe zinazojichapisha kwenye skrini. Zilikuwa zinamkera."

"Rudisha mfumo wa Alhamisi, kabla hajagusa. Halafu washa jaribio."

"Bosi kasema..."

"Bosi wako kaniita nikague. Washa."

Jaribio lilikuwa programu inayojifanya makarani mamia, wote wanafungua na kufunga madai ya bima kwa wakati mmoja, na mashine inahesabu imemaliza kazi ngapi kwa dakika. Linaendeshwa kwa prosesa moja, kisha mbili, nne, nane, mpaka kumi na sita, ili ionekane kama mfumo endeshi unajua kuwatumia wafanyakazi unaoongezewa. Mingi haijui. Prosesa ni wapishi, na mfumo endeshi ndio jiko. Mpishi akiwa mmoja hakuna ugomvi. Wakiwa kumi na sita na kisu ni kimoja, lazima pawe na utaratibu wa nani ashike na nani asubiri, na utaratibu huo ndio huitwa kufuli. Kufuli likiwa baya, wapishi kumi na tano wanasimama wakitazamana huku mmoja anakata vitunguu, na mwenye hoteli ananunua jiko kubwa zaidi akidhani tatizo ni jiko.

Mfumo wa Alhamisi ulitoa mstari uleule wa Jumanne, umepinda palepale. Waliurudisha wa Ijumaa, nao ukatoa uleule.

"Basi si msimbo," alisema Verna. "Bosi wako hakujisumbua hata kulijaribu hilo."

"Bosi hajui mashine inawashiwa wapi, mama. Nikuchapie grafu?"

"Sitaki grafu. Nataka namba mbichi."

Curtis alimtazama kama mtu aliyeombwa nyama bila kupikwa. "Namba mbichi za nini? Hakuna anayetaka namba mbichi."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo Verna alipowadharau wote kwa pamoja, wasomi na wasimamizi. Watu wa kazi hii hawaonyeshani namba, wanaonyeshana uwiano. Kazi iliyofanywa na prosesa ya peke yake wanaiita moja, wanagawanya kila kitu kwa hiyo moja, na kuanzia hapo hakuna anayeuliza tena moja yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani. Mtu anaweza kusoma vyuo vitatu, akavaa miwani ya bei mbaya, akasimama jukwaani mbele ya watu mia tano, na asiulize. Kuuliza ni ushamba.

"Za Jumanne kwanza," alisema. "Prosesa moja?"

"Kazi elfu moja na mia mbili kwa dakika."

"Kumi na sita?"

"Elfu sita."

"Sasa za Novemba. Usiniambie mmezifuta."

"Zimo kwenye diski." Curtis aligonga vitufe taratibu kuliko ilivyohitajika. "Kumi na sita... elfu tano na mia tisa."

"Kwa hiyo Jumanne, siku ambayo mashine ilikufa, ilifanya kazi zaidi kuliko Novemba."

Curtis aliisukuma kofia yake nyuma, akasogea karibu na skrini.

"Na prosesa moja, Novemba?"

"Mia nne. Kasoro mbili."

Verna aliziandika mbili mbili kwenye kipande cha karatasi akazitazama. Elfu tano na mia tisa ukigawanya kwa mia nne, unakaribia kumi na tano. Elfu sita ukigawanya kwa elfu moja na mia mbili, unapata tano. Wapishi kumi na sita hawakupungukiwa na kitu tangu Novemba. Aliyebadilika ni yule mmoja wa kupimia, ambaye Novemba alikuwa anachechemea na Jumanne alikuwa mzima.

"Yuko wapi huyo mhalifu wenu?" aliuliza.

Vyumba vya mikutano vya Camas Butte vilipewa majina ya milima, na Neeraja Vaidya alikuwa amewekwa Jefferson, ambao ulikuwa mlima mdogo wenye meza moja na tishu. Boksi la vitu vyake lilikuwa tayari juu ya kiti. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani, amekaa wima, na hakuinuka.

"Wewe ndiye mkaguzi?"

"Ndimi."

"Basi fanya kazi yako. Kufuli langu ni zima. Novemba lilifika kumi na tano, na nchi hii nzima hakuna mtu aliyefikisha kumi na tano kwa mfumo kama huu. Mtu ameliharibu. Mtafute, acha kunikodolea macho."

"Jumamosi ulifuata nini maabara?"

"Kuandaa mashine. Wateja wanakuja Jumanne, unadhani Curtis angeiandaa? Huyo akiona wingu tu ameshafunga begi la samaki."

"Uligusa nini?"

"Nilikuta kabati la kwanza halina kibao cha memori hata kimoja. Vyote vimehamishiwa la nne. Nikavirudisha."

"Ulimwambia nani?"

"Dada, ukiokota kijiko sakafuni unampigia nani simu?"

Verna alivuta kiti akakaa. Kabati la kwanza ndilo lenye prosesa inayotumika jaribio likiendeshwa kwa moja. Prosesa ikitaka kitu kwenye memori ya kabati lake inakipata papo hapo. Ikikitafuta kabati la nne, ombi linapita nyaya zote kwenda na kurudi, na kwa kazi ya makarani hao mamia kila neno ni safari. Mpishi ni yuleyule, ila chumvi iko nyumba ya nne.

"Ulipoviona kabati la nne, hukujiuliza vimefuata nini huko?"

"Nijiulize nini? Uzembe hauna sababu."

"Na namba mbichi za Novemba, ulishawahi kuzitazama?"

"Za nini? Mstari ulinyooka."

"Katika kazi yetu hii, mstari ukinyooka hivyo, mwenye akili anaikagua rula."

"Unanidharau," alisema Neeraja.

"Bado nafikiria," alisema Verna, akainuka.

Curtis alipomwona anarudi alijua anachokuja kutaka, maana alikwenda kwenye kabati la kwanza kabla hajaambiwa. Alichomoa vibao vya memori kimoja kimoja, akavipeleka la nne. Mikono yake ilikuwa myepesi kwa kazi hiyo, kama mtu aliyewahi kuifanya. Jaribio la prosesa moja lilikwisha, na namba ikatokea kwenye skrini: mia nne na moja.

"Novemba ile nani alikuambia uvihamishe?"

"Mimi mama nafanya ninachoambiwa."

"Sikuuliza unafanya nini."

Curtis alivua kofia akaitazama ndani. "Yeye alikuja akasema joto. Kabati la kwanza linapata joto. Nikasema sawa, joto. Halipati joto, liko chini ya kiyoyozi. Lakini ndiye bosi."

"Na tangu Jumanne umekaa hapa unamtazama mwenzako anapakia vitu kwenye boksi."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Hilo utawaambia samaki," alisema Verna. "Hao pia hawaulizi."

Grant alikuwa amerudisha grafu ukutani, na alikuwa ameweka fomu ya kufukuza kazi mezani, kalamu juu yake. Nje mvua ilinyesha ile mvua yao isiyo na haraka, na watu walipita kwenye maegesho bila miavuli kama kwamba kulowa ni tabia njema.

"Umesaini?" aliuliza.

"Mashine haikuharibiwa. Prosesa kumi na sita zilifanya kazi Jumanne kama Novemba, tena zaidi kidogo. Ni ile moja ya Novemba iliyokuwa inachechemea."

"Kanuni za jaribio hazisemi memori ikae kabati gani," alisema Grant.

Verna alimwacha. Alikunja mikono kifuani akamwacha asikilize mwenyewe alichosema.

"Sijataja memori," alisema hatimaye.

Grant alijipangusa kizibao. Mtu mwingine angeona haya, lakini huyu haya alizimaliza alipopandishwa cheo. Alikaa, akajimiminia kahawa, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ya mtu anayefanya biashara.

"Sikiliza, mama. Kila mtu mjini hapa anapendezesha mstari wake. Sikuvunja kanuni hata moja."

"Hujavunja. Kanuni hazikatazi pia kumfunga mtu mguu kabla ya mbio, kwa sababu walioziandika hawakufikiri wataandikia mtu wa hovyo kiasi hiki. Ukimfunga mguu, sema umemfunga. Wewe ukamsingizia mwanamke aliyeufungua."

"Alinitia aibu mbele ya Omaha."

"Alirudisha vibao mahali pake."

"Haya. Tuandike hivi: mashine iliharibiwa na mtu asiyejulikana. Neeraja anabaki kazini, viza yake inabaki, mtoto anabaki shuleni. Omaha wanapewa jaribio jipya. Hakuna anayeumia. Na kufuli lake linabaki la kumi na tano, usisahau hilo. Yule analipenda kufuli lile kuliko mtoto. Muulize kama anataka ukweli wako."

"Mwite," alisema Verna.

Hakumwita kwa huruma. Vibao vilikuwa vimeshahamishwa mara mbili tangu Jumamosi, na Curtis angeapa lolote ambalo mlipaji wake angependa. Ripoti bila neno la aliyevirudisha ingekuwa maneno ya mkaguzi dhidi ya mkurugenzi, na mawakili wangeichana kabla ya chakula cha jioni. Alihitaji maelezo ya Neeraja kwa sahihi ya Neeraja.

Neeraja aliingia na boksi lake mkononi. Verna alimpa kile kipande cha karatasi chenye namba nne, bila maelezo. Neeraja alizisoma mara moja. Midomo yake ilitikisika akigawanya.

"Mia nne," alisema. "Kwa memori ya kabati la nne."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni tano."

"Ni tano."

"Tangu Novemba?"

"Tangu ulipoliandika."

Aliweka boksi chini. Uso wake ulikuwa umepauka, na uchungu ulimkaa pale mdomoni wazi kabisa, bila kufichwa. Kwa siku tatu alikuwa amesingiziwa kwamba ameua kitu kizuri, akawa anapigania kitu hicho. Sasa aliambiwa hakikuwahi kuwepo.

"Basi hakuna aliyeliharibu."

"Hakuna."

"Ni bovu."

"Si bovu. Ni la kawaida. Mji huu una makufuli ya tano tele," alisema Verna, ambaye kufariji hakukuwa kazi yake na hakuwahi kuijaribu.

"Neeraja," alisema Grant, na sasa sauti yake ilikuwa na asali, "hakuna haja ya haya yote. Mtu asiyejulikana aliingia maabara. Basi. Wewe Jumatatu uko mezani kwako. Kwenye grafu ile ukutani kuna jina lako pale chini, umeliona? Niliwaambia waliweke mimi."

Neeraja aliitazama grafu. Aliitazama kwa muda mrefu, na Verna, ambaye alikuwa ameona watu wengi wakivishwa kilemba cha ukoka wakakishikilia kwa mikono yote miwili, alianza kufunga mkoba wake.

"Maelezo yangu yako wapi?" aliuliza Neeraja.

Verna aliufungua mkoba tena. Alimsukumia ukurasa. Ulikuwa na mistari michache: kwamba Jumamosi alikuta kabati la kwanza tupu, kwamba alirudisha vibao, kwamba kwa mpangilio sahihi mfumo endeshi unafanya kazi ya prosesa tano kati ya kumi na sita, kufuli likiwa ndicho kikwazo.

"Hapo kwenye kikwazo," alisema Neeraja, "andika lilivyo. Andika, kufuli lililoandikwa na Neeraja Vaidya."

Verna aliandika.

"Wewe una wazimu," alisema Grant. Asali ilikuwa imekwisha. "Ukisaini hiyo umesaini kwamba wewe ni mtu wa kawaida tu. Na kadi ya mlango unaiacha hapa mezani. Sikufukuzi kwa hujuma, sawa, nakupunguza. Omaha wakiondoka sina kitengo."

Neeraja alichukua ile kalamu iliyokuwa juu ya fomu ya kumfukuza, akaweka sahihi yake kwenye maelezo, jina lote kamili, taratibu, kwa mwandiko wa shule. Kisha akaanza kuhangaika na kibanio cha kadi kiunoni, maana kilikuwa kimeng'ang'ania sweta.

"Kuna kampuni ng'ambo ya barabara inatafuta watu wa kazi hii," alisema Verna. "Wanaweza kukuhamishia viza. Lakini watataka kwanza kusoma ripoti hii."

"Naomba nakala."

"Wataona kufuli lako limeishia tano."

"Wataona," alisema Neeraja. Kibanio kilikubali, akaiweka kadi mezani, akainama kuchukua boksi. "Na chini yake wataona nani kasaini."